Mwaka Nilipopewa Jina la Dada

Jumatano, tarehe kumi na nne, asubuhi, dada yangu alifariki, na kabla ya adhuhuri mimi nikawa sina kitambulisho. Mambo hayo mawili yanakwenda pamoja, na siwezi kueleza moja bila kueleza la pili.

Jana nilitoka kambini kwa miguu kwenda barabarani, na njia inapita kando ya ploti za mpunga. Mpunga umetia maziwa. Walioishi huku wanaijua harufu hiyo, kama unga uliolowa, kama uji ambao haujachemka, na chini yake tope. Ukiiminya punje inatoa maji meupe. Ndio wakati ndege wanakuja. Nikasikia makopo yakigongana mbali na sauti ya mtoto ikipiga kelele. Nilikaa juu ya tuta muda mrefu na nguo zangu za msiba.

Nitamwita dada tu katika habari hii, kwa sababu majina ndiyo yaliyotuletea tabu.

Wazazi wetu walitoka sehemu za juu za mto kuja kufanya kazi kwenye shamba la mpunga la tajiri mmoja, upande wa chini wa mji wa Garsen. Tajiri mwenyewe sikuwahi kumwona. Tuliyemwona ni nyapara wake, Dhadho, mtu mwenye baiskeli nzuri na sauti nzito. Wafanyakazi waliishi kambini, nyumba za udongo zenye mabati, mbili mbili zimegongana migongo. Kila nyumba ilikabidhiwa ploti zake za kupanda, kupalilia na kuvuna. Na kila nyumba ilitakiwa kutoa mtoto mmoja wa dungu.

Dungu ni jukwaa la miti, refu kupita mtu mzima, linalosimama katikati ya ploti. Kutoka dunguni kamba zinakwenda pembe zote nne, zimefungwa makopo yenye kokoto. Mtoto anapanda alfajiri, kabla ndege hawajaamka, na anashuka jua likizama. Ana kamba zake, ana kombeo, ana madonge ya udongo aliyoyakausha juani, kila moja kama jicho la ng'ombe. Tangu mpunga utie maziwa mpaka uvunwe ni wiki sita hivi, na kwetu mpunga ulipandwa mara mbili kwa mwaka. Watu wazima hawakupandishwa dungu. Dhadho alisema mikono yao ni ya mifereji na magugu, na kwamba koo la mtoto linafika mbali zaidi. Nyumba isiyo na mtoto wa dungu haikupewa ploti, na isiyo na ploti ilitakiwa kumpisha mwingine kambini.

Sisi tulikuwa watoto wawili, wasichana. Dada alizaliwa hospitalini. Baba, ambaye hakuwa mtu wa karatasi, aliifuatilia ile karatasi ya hospitali mpaka ikawa cheti cha kuzaliwa, kwa sababu alikuwa mtoto wake wa kwanza na alikuwa na furaha. Cheti kilikaa ndani ya mfuko wa plastiki, mfuko ndani ya kopo la maziwa, na kopo juu ya boriti. Mimi nilizaliwa miaka miwili baadaye, wakati wa mafuriko makubwa, juu ya tuta, kati ya mbuzi za watu na magunia, mama akiwa amezungushiwa leso na wanawake watatu. Hakuna aliyekuwa na kalamu. Dada alikuwa ameandikwa Habiba. Mimi niliitwa Maimuna, kwa mdomo tu.

Dada alianza darasa la kwanza nikiwa bado nyumbani. Shule ilikuwa ng'ambo ya mfereji mkuu, mwendo wa kutosha kumchosha mtoto kabla ya kengele. Alirudi na habari ambazo mimi nilizimeza kama pipi. Kwamba kuna uji saa nne. Kwamba chaki inatoa vumbi tamu. Kwamba mwalimu, Madam Riziki, anaita majina yote kila asubuhi kutoka kwenye kitabu kikubwa, na ukiitwa unasimama, na watu wote wanakuangalia. Hilo la mwisho ndilo lililoniingia. Kambini hakuna mtu aliyewahi kuniita ili tu ajue kama nipo.

Lakini mpunga ulipotia maziwa, dada alipanda dungu. Aliporudi shule wenzake walikuwa wameshavuka kurasa nyingi. Mwaka uliofuata akarudia darasa lile lile, na mpunga ukatia maziwa tena.

Ndipo Madam Riziki akaja kambini. Nakumbuka viatu vyake vimejaa tope na amevishika mkononi. Baba alimtolea kigoda, akakataa kukaa.

"Baba Habiba," alisema, "mtoto wako ana akili. Lakini darasani namwona kama mgeni. Wiki mbili yupo, wiki sita hayupo."

"Madam, ndege hawana likizo," baba alisema.

Dhadho alikuwa anapita na baiskeli yake. Akasimamisha mguu mmoja chini. "Kuna nini hapa?"

"Nimefuata mwanafunzi wangu. Serikali imesema masomo ni bure."

"Ni bure, sawa. Na ndege nao wanakula bure. Nani atawafukuza, serikali?"

Watu wakacheka, na Madam Riziki akangoja wamalize. "Cheka tu, Dhadho. Wako yuko wapi, mtoto wako?"

"Wangu yuko bweni, Malindi."

"Na ploti yako nani anaiamia ndege?"

Dhadho akapanda baiskeli akaenda zake. Wanawake waliokuwa wakipepeta waliendelea kucheka mpaka alipoishia, safari hii wakimcheka yeye. Ilikuwa ni kicheko tu. Kesho yake watoto wote walikuwa dunguni.

Kabla hajaondoka Madam Riziki alimwambia baba maneno mawili. Kwamba muhula ujao ataandika rejista upya, na mtoto asiyefika wiki ya kwanza atamfuta. Na kwamba mimi nimeshafika umri, niletwe, lakini na cheti.

"Mdogo hana cheti," mama alisema.

"Basi mtafuteni cheti, mama. Bila cheti leo nitampokea, lakini mbele, kwenye mtihani, watamkataa. Nimewaona waliokataliwa. Ni bora mtoto asijue mlango kuliko kufungiwa akiwa mlangoni."

Baba alikwenda ofisini mara mbili. Mara ya kwanza akaambiwa alete kadi ya kliniki. Mara ya pili akaambiwa alete barua ya chifu na shahidi aliyeona mtoto akizaliwa. Wale wanawake watatu wa tutani, mmoja alikuwa amekufa, mmoja amerudi juu ya mto, na wa tatu alisema haendi ofisini kuulizwa maswali. Baba hakwenda mara ya tatu. Siku ya kwenda ofisini si siku ya kazi, na Dhadho alikuwa ameshaanza kumwita Bwana Safari.

Mama ndiye aliyepata njia. Alisema mkubwa ana cheti, basi arudi shule asome moja kwa moja. Mdogo hana cheti, na miaka saba imetimia, basi apande dungu. Kila mtu mahali pake. Baba alikubali. Sare ya dada ikafuliwa ikaanikwa. Shule ilikuwa inafunguliwa Jumatatu, na mpunga ulikuwa umeanza maziwa.

Dada alinifundisha kazi kwa siku mbili. Alikuwa na furaha, nakumbuka, alinifundisha kama mtu anayekabidhi mzigo njiani. Alinionyesha kwamba ndege hawatoki mbinguni wote mara moja. Kwanza wanakuja watano sita kuonja, wenye midomo myekundu, na ukiwaacha hao ndio wanawaita wengine. Alinionyesha kuvuta kamba kabla hawajatua, si baada. Na alinionyesha kelele zake. Alikuwa akiwatukana ndege kwa jina na kabila, na akiwatuma kwa watu. "Nendeni kwa Dhadho! Kwa Dhadho kuna wali na nazi!" Mimi nilicheka mpaka nikakaribia kuanguka.

Siku ya tatu, Jumamosi, nilipanda peke yangu.

Hapa ndipo ninapotaka kusema kweli, kwa sababu niliyekuwa nikimficha sasa yuko chini ya udongo. Kwa miaka yote hii, nyumbani kwetu ilijulikana kwamba Mungu hakunipa sauti. Nilipanda dungu siku moja, nikapiga kelele, ndege wasisikie, ploti ikaliwa. Mama aliwaeleza wageni hivyo. Mimi mwenyewe nilieleza hivyo mpaka nikakaribia kuamini.

Haikuwa hivyo. Waonjaji walikuja jua likiwa bado jipya. Nilikuwa na kamba mkononi. Niliwaangalia wakizunguka, na nikafikiria uji, na chaki, na kitabu kile kikubwa. Nilijua, kwa akili ya mtoto wa miaka saba ambayo si ndogo kama watu wanavyodhani, kwamba nikivuta kamba hii leo nitaivuta kila siku. Nikaiacha. Wakatua. Kisha wakaja wengine, ukanda mweusi unaopinda hewani, wakashuka kwenye pembe ya mbali. Ndege wengi wakila mpunga wana mlio wao, kama mvua nyembamba juu ya majani. Nilikaa juu pale nikisikiliza mvua ile, nikiwa nimekumbatia magoti. Baadaye, nilipomwona baba anakimbia juu ya tuta na jembe lake, ndipo nilipoanza kulia kwa nguvu na kuvuta kamba zote.

"Ulilala?" baba aliniuliza.

"Sikulala. Nimepiga kelele, hawasikii."

Dada na mama walikuwa wakipalilia ploti ya pili kutoka hapo. Walikuja wote wawili. Mama akashika kichwa. Dada aliangalia pembe iliyoliwa, akaniangalia mimi. Nami nilijua kutoka pale alipokuwa angesikia hata nikikohoa.

Dhadho alisema akiona tena ploti iliyoliwa vile tutafungasha. Jumapili alfajiri dada alikuwa juu ya dungu. Sare yake ilikuwa bado kwenye kamba.

Jioni ile mama aliichukua sare akaipinda chini, akaipunguza mabegani kwa sindano ya mkono. Baba alipanda kigoda akatoa kopo la maziwa kwenye boriti. Kisha mama akanisimamisha mbele yake.

"Kuanzia leo wewe ni Habiba."

"Na dada?"

"Dada yako ni Maimuna."

"Mpaka lini?"

"Mpaka nitakaposema mimi."

"Hata hapa nyumbani?"

"Hata hapa, hata ndotoni. Mtoto akiwa na majina mawili ataitika lisilo lake, mbele ya mwalimu."

Dada alikuwa amekaa mlangoni akiviringisha madonge ya udongo kwa ajili ya kesho. Mama akamwambia, "Umesikia, Maimuna?" Dada akaendelea kuviringisha. Mama akarudia. Mara ya tatu dada akasema, "Nimesikia."

Mimi sikuona ubaya. Kila nilichokuwa nacho kilikuwa kimepita kwake kwanza: gauni, ndala, kikombe, hata mahali pa kulala upande wa ukuta. Nilidhani na majina ni vivyo hivyo. Kwamba mtu anakua, jina linambana, linateremshwa kwa mdogo wake, na yeye ananunuliwa jipya. Kilichonishangaza ni kwamba amepewa langu, ambalo lazima lilikuwa dogo kwake. Nilimhurumia kwa hilo, kama ungemhurumia mtu aliyevaa kiatu cha mtoto. Nikamwuliza, "Na wewe utanunuliwa jina lini?"

Akanitazama kuona kama namcheka. Alipoona simcheki akasema, "Idd."

Jumatatu baba alinipeleka. Madam Riziki aliangalia cheti, akaniangalia mimi, akaangalia tena cheti.

"Habiba amepungua," alisema.

"Alikuwa anaumwa," baba alisema.

Madam akakaa na kalamu hewani kitambo. Nilisikia watoto wa darasa la pili wakiimba jedwali la kuzidisha. Mwisho akaandika, na alipoandika hakuniangalia. Siku zote alizonifundisha hakuwahi kuniuliza dada yangu yuko wapi, na kwa hilo nimewahi kumshukuru na nimewahi kumlaumu.

Asubuhi ya kwanza jina lilipoitwa sikusimama. Niligeuka kuangalia mlangoni, nikidhani dada amekuja. Darasa zima likacheka. "Habiba kiziwi!" walisema, na likanikaa mwaka mzima, Habiba Kiziwi. Lakini siku ya pili nilisimama, na watu wote wakaniangalia, na ilikuwa tamu kama nilivyofikiria. Siwezi kusema vingine. Ilikuwa tamu.

Njia ya shule ilipita juu ya tuta, karibu na dungu letu. Kila asubuhi nilimkuta dada ameshapanda zamani. Mara ya kwanza nilipopita na sare, alisimama juu kule, akaweka mikono mdomoni, akapiga kelele, "Maimuuunaaa!" Niliruka. Nikatazama kambini kama mama amesikia. Ndege wakainuka wote kutoka ploti mbili. Dada akaita tena, tena, mpaka nilipovuka mfereji. Na haikuwa siku ile tu. Aliacha kuwatuma ndege kwa Dhadho. Msimu ule, na misimu iliyofuata, alikuwa akiwafukuza kwa jina langu. Kambini watu walihama na kuhamia kila msimu, majina yetu mapya yakazoeleka upesi, na walidhani anajitangaza. "Leo Maimuna kaamka na Maimuna wake," walisema wakicheka. Mama alijua, nadhani, lakini hakuwahi kumkataza, kwa sababu ndege walikuwa wakiondoka.

Idd ilipofika dada alipata gauni la kijani. Nikamfuata nyuma ya nyumba. "Na jina?" Akasema, "Limekwisha dukani. Idd ijayo." Idd iliyofuata nikauliza tena. Ya tatu nikauliza, na safari hiyo aliendelea kuosha sufuria. Nilikuwa darasa la tatu wakati huo, na bado sikuelewa.

Nilielewa kwa njia hii. Ilikuwa likizo, nikampelekea chakula dunguni, nikapanda nikae naye. Alikuwa amepanga madonge yake ya udongo yakauke, safu ndefu kwenye ukingo wa jukwaa, bado mabichi. Nilitaka kumwonyesha ninachojua. Nikachukua kijiti nikachora herufi moja juu ya kila donge: H, A, B, I, B, A. Nikasogea nyuma aone.

Dada alikuwa amesoma vipande vipande, lakini jina lake alikuwa amejifunza. Kila mtoto anaanza na jina lake. Aliliangalia muda mrefu. Nikaona midomo yake ikisogea.

"Umeandika vizuri," alisema.

Ndege wakaja upande wa mfereji. Akachukua donge la kwanza, akaliweka kwenye kombeo, ingawa halijakauka, akazungusha akaachia. Akachukua la pili. Alikuwa na shabaha ambayo hata wavulana waliiogopa. Alirusha yote sita, kwa mpangilio, bila haraka, na la mwisho lilipasukia hewani. Kisha akafunua sahani akanawa, akala. Mimi nikashuka. Nilipofika chini nilikuwa nimeshajua kwamba hakuna duka.

Sikusema kitu. Ningeweza kwenda kwa mama nikamwambia, mimi sauti ninayo, nipandishe, mrudishe. Nilikuwa na muda wa kusema mpaka darasa la nane, na kila muhula nilijiambia muhula ujao. Dada hakurudi shule. Dunguni alishuka alipokuwa mkubwa, akaingia kwenye kupanda mpunga, ameinama kwenye maji na wanawake.

Nilifanya mtihani wa darasa la nane kwa jina lake. Nikafika kidato cha pili, nikaachia hapo, na nikapata kazi ya kuuza duka Garsen kwa sababu naweza kuandika. Nilipotimiza umri wa karatasi nikachukua kitambulisho. Picha yangu, kidole changu, jina la dada, tarehe ya kuzaliwa ya dada. Yeye hakuchukua. Angechukua kwa karatasi gani? Hakuwahi kupiga kura. Laini ya simu yake nilimsajilia mimi. Alipozaa, watoto wake wawili waliandikishwa kwa kitambulisho changu, kwa hiyo kwenye vyeti vyao mama anaitwa Habiba, na ni kweli, na namba ni yangu. Aliapa hao watasoma, na wanasoma. Siku ya kumpeleka yule mkubwa darasa la kwanza alikuja dukani kunionyesha cheti, ameshika kwa vidole viwili kama kitu cha moto. "Angalia," aliniambia, "nimo."

Kifua kilimwanza mwaka jana. Alikohoa akipanda mpunga, akakohoa akivuna, akasema ni vumbi. Alipoanza kukonda nikamwambia twende Malindi. Akasema hospitali watataka kitambulisho, na bima iko kwenye kitambulisho. Nikampa changu. Tunafanana, na aliyekonda hafanani na picha yoyote, kwa hiyo hakuna aliyeuliza. Akalazwa. Kwenye ubao wa kitanda wakaandika Habiba.

Nesi alipokuja asubuhi ya kwanza na faili akaita, "Habiba?" Mimi na dada tuliitika pamoja. Nesi akacheka. Dada naye akacheka, akakohoa, akacheka tena. Kwa siku kumi na moja nilimwona akiitwa hivyo na madaktari, na wafagiaji, na mgonjwa wa kitanda cha pili aliyemwita Habiba wangu. Alikuwa akiitika haraka, kabla mtu hajamaliza.

Jumanne alasiri pumzi ilimpungua. Chumba kilikuwa kimejaa wageni wa wagonjwa, nesi yuko mwisho kabisa, ameinama kwa mtu mwingine. Dada akanishika mkono.

"Mwite," alisema.

Nikainua mkono. Nesi hakuona.

"Piga kelele," dada alisema. Akavuta pumzi mara mbili ili apate maneno. "Sauti unayo. Mimi siku zote najua unayo."

Nikapiga kelele. Chumba kizima kikageuka.

Alfajiri ya Jumatano akafariki. Mjomba Buya, kaka yake mama, alikuja na gari la kuazima. Tulikwenda kwenye dirisha la ofisi ya hospitali kuchukua kibali cha mazishi. Karani alikuwa kijana mpole.

"Kitambulisho cha marehemu?"

Kilikuwa mkobani mwangu. Nikakitoa. Akakiangalia, akaniangalia mimi.

"Pole sana. Mnafanana."

"Ni dada yangu," nilisema.

Akakiweka juu ya vingine, akavifunga kwa mpira, akavitia kwenye droo. Nilisikia droo ikifunga.

"Na wewe unayetoa habari, kitambulisho chako?"

"Sina."

"Mtu mzima kama wewe huna kitambulisho?"

"Nilizaliwa wakati wa mafuriko."

Mjomba Buya akasogea mbele haraka, akatoa chake. Yeye alijua. Nilikuwa na nafasi ya kusema ukweli pale dirishani, na sikuitumia, kwa sababu ningeanza ningefika kwa polisi, na dada angebaki kwenye chumba cha baridi akisubiri maneno yaishe. Hiyo ni sababu. Nyingine ni kwamba niliona karani akiandika, kwa herufi kubwa, kwenye mstari wa jina, na sikutaka afute.

Tulifika kambini adhuhuri imepita. Wanawake walimwosha, nami nikiwa miongoni mwao. Mgongo wake ulikuwa umebaki mgongo wa mtu anayepanda mpunga. Baada ya alasiri wanaume wakamchukua wakaenda naye makaburini, sisi tukabaki ndani na mama, tumekaa chini kwenye mikeka.

Hazikupita dakika nyingi mjomba Buya akarudi peke yake, anahema, akasimama nje ya mlango.

"Jamani, mwalimu wa msikitini anataka kumsomea dua kaburini. Anauliza jina la marehemu na jina la mama yake."

Wanawake wawili watatu wakajibu kwa pamoja, "Maimuna binti Hawa."

"Habiba," mama akasema.

Jirani yetu, aliyemjua dada tangu dunguni, akamgusa mama begani. "Hawa, dada yangu, umechoka. Habiba si huyu hapa?"

"Buya," mama akasema, hakuinua sauti, "mwambie mwalimu amwite Habiba binti Hawa. Huko hakuna rejista."

Mjomba akaondoka. Tulimsikia akikimbia juu ya tuta. Mama alikaa ameangalia mlango mpaka muda wa kufukia ukawa umepita kwa hesabu yake, kisha akajifuta uso kwa ncha ya leso.

"Maimuna," akasema, "niletee maji ninawe."

Nikageuka kumtafuta dada, kama siku ile darasani.